Mfalme wa Mnadani

Nilikuwa natafuta blanketi. Baridi ya Sumbawanga haina adabu, inakuingia kwenye mifupa hata kama umezaliwa humo humo, na mimi nilikuwa nimetoka mbali, nimechoka na nimekasirika. Nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda cha wazazi, nikalifungua, na kabla sijagusa blanketi harufu ikanipiga puani: manyoya ya kondoo, moshi wa jikoni, na gundi ya unga wa ngano iliyochacha zamani ikakauka. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikazitoa. Ndevu. Ndevu ndefu zilizokuwa nyeupe na sasa zimegeuka njano, zimetafunwa na panya, ndevu za mfalme.

Mfalme mwenyewe alikuwa uani akipiga mluzi. Alikuwa ametuita mabinti zake watatu kutoka kila mmoja alikotupwa na maisha, kwa simu fupi, kwa sauti ile ambayo huwezi kuiweka karibu na sikio. "Njooni nyumbani. Nataka kuwagawia mashamba ningali na akili zangu." Nilimwuliza kwa nini sasa. "Kwani nikifa ndiyo mtapimiana vizuri?" Nikamwuliza kama amesahau. "Nimesahau nini?" akasema, akakata simu. Hasira yangu ilianzia hapo. Nimesoma chuo kikuu. Nimekaa darasani nikisikiliza watu wakibishana kuhusu faida za maigizo kwa jamii, jinsi jukwaa linavyomwonyesha mtu makosa yake akayaacha. Ushahidi wangu ni huu mmoja wa nyumbani: mtu anaweza kusimama mbele ya ukumbi uliojaa akiwa mfalme mzee, akaigawa nchi yake kwa binti zake watatu, akaharibikiwa na kila kitu kwa sababu hiyo, akavua ndevu, akaenda kula ugali, na asijifunze chochote.

Tulikaa hapo hapo mtaa wa Malangali, nyumba nusu ya mjini nusu ya shambani, mlango wa mbele ukitazama barabara na wa nyuma ukitazama mahindi. Baba alikuwa dalali kwenye mnada wa ng'ombe. Siku za mnada alinichukua, labda kwa sababu nilikuwa kitinda mimba, labda kwa sababu mama alikuwa amechoshwa na maswali yangu na alitaka kukaa angalau siku moja bila kuulizwa kwa nini maharage yanalowekwa. Nilikaa juu ya ua wa miti nikamtazama. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alisimama katikati ya vumbi na mavi ya ng'ombe na fimbo yake, akataja bei, akaipandisha, akawatania wanunuzi, akawatisha, akawafanya wanaume wenye akili zao wapandishe bei ya ng'ombe mwenye mbavu za kuhesabika.

Nilijua siri za kazi ile kabla ya kujua kusoma. Nilijua, kwa mfano, kwamba anayetaja bei kubwa haraka haraka mara nyingi ni mtu aliyepangwa na muuzaji, kazi yake ni kuwapandisha wengine mzuka. Na nilijua sheria niliyoipenda kuliko zote. Ng'ombe akizungushwa na watu wote wakanyamaza, baba hakubembeleza. Alisubiri kidogo, akapiga fimbo chini, akasema: "Huyu anarudi na mwenyewe." Watu waliona ni aibu kwa mwenye ng'ombe. Mimi nilimtazama ng'ombe akigeuzwa, mkia ukicheza, akishika njia ya kwao, na nilidhani ndiye aliyeshinda.

Pale mnadani alikuwepo pia Mama Shija, Mnyamwezi mnene aliyeuza kamba za kufungia mifugo na uji wa ulezi. Alikuwa mtani wa baba, maana Wanyamwezi huwatania Wafipa kwamba ndio wanaotuma radi, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mfipa, umeamka? Jana radi imepiga kwetu nikajua umekosa usingizi."

"Ningekupiga wewe, Mnyamwezi, lakini babu yako alibeba mizigo mpaka shingo ikaingia tumboni. Radi itapiga wapi?"

Walitukana hivyo, wakanunuliana uji, wakaulizana habari za watoto. Bibi yetu alipofariki, Mama Shija alifika msibani kabla ya shangazi zetu. Alijifunga khanga kiunoni, akaigiza jinsi bibi alivyokuwa akitembea na mkongojo wake, akajilaza mlangoni akazuia jeneza lisipite mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wakilia walicheka, wakalia tena vizuri zaidi. Sikuelewa ilikuwaje, lakini niliona kwamba baada ya pale baba aliweza kula.

Ndipo akaja Mwalimu Apolinari. Alikuwa kijana wa kwetu aliyekwenda kusomea sanaa chuoni, akarudi na skafu. Mjini kulikuwa na kikundi cha maigizo cha mkoa, watu wazuri tu, mafundi cherehani na makarani na wauza mitumba, ambao kwa miaka walikuwa wanaigiza michezo ya vyandarua na vyoo bora. Kila mchezo uliisha kwa wimbo na ushauri. Mwalimu Apolinari aliwaambia hayo si maigizo, ni matangazo. Yeye angewaletea tanzia. Kulikuwa na Mwingereza mmoja wa karne za nyuma, alisema, aliyeandika mchezo juu ya mfalme na binti zake, na dunia nzima ililia. Sumbawanga ingelia pia. Angeutafsiri yeye mwenyewe, angemvisha mfalme suti na mabuti ya mpira na kumpa futi ya kupimia mashamba, ili watu wa leo wajione humo. Na wageni wa tamasha kutoka Dar wangekuja kutazama, kuchagua kikundi cha kwenda kuonyesha huko.

"Nataka ukumbi mzima ulie," alisema, amekaa kwenye kigoda chetu, skafu shingoni. "Nataka mtu akitoka asiweze kuongea."

"Watu wa hapa wakinyamaza ujue wanataka kuondoka," mama alimwambia.

Alikuwa amekuja kumchukua baba kwa ajili ya sauti yake. Baba alikubali kabla uji haujapoa.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikuwa nyumba. Mahindi yalikaa bila kupukuchuliwa wakati baba anatembea uani akinguruma. Alihitaji mabinti watatu wa kufanyia mazoezi, na Mungu alikuwa amempa watatu tayari, kwa hiyo hakuona sababu ya kwenda mbali. Paskalia, mkubwa wetu, alisoma maneno ya binti mkubwa. Gaudensia wa pili. Mimi nilipewa binti mdogo. Mfalme anawaita, anawaambia ataigawa nchi, na atakayesema anampenda zaidi atapata fungu kubwa.

Niliuliza swali palepale. "Kwa nini anauliza?"

"Kwa sababu anataka kujua," baba alisema.

"Kwani hajui? Si anaishi nao?"

"Soma, mwanangu."

"Baba, huu si mnada? Anayetaja bei kubwa haraka ni wa kupangwa."

Baba alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe asiyekubali kuzunguka. Paskalia, ambaye tangu utoto anajua upande gani wa mkate una siagi, alikuwa ameshapiga magoti. "Baba, nakupenda kuliko nyumba yenye bati jipya!" Ndivyo Mwalimu Apolinari alivyoandika. Gaudensia akampita: kuliko bati jipya na dari. Zamu yangu ilipofika, binti mdogo anatakiwa kukataa kushindana. Anasema anampenda baba yake kama mtoto anavyopaswa kumpenda mzazi, basi, hana bei ya kutaja. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote kwa sababu niliona ndilo jibu la pekee lenye akili.

Na baba akanigeukia. Alivimba, macho yakamtoka, na kwa sauti ile ya kusimamisha madume akaniambia nitoke mbele yake, sina fungu katika ardhi hii, sina baba, niende mbali nisionekane tena. Kuku walikimbia. Jirani alichungulia juu ya ua. Mazoezi hayo tulifanya jioni baada ya jioni, na kila jioni nilifukuzwa upya.

Ningeweza kulivumilia hilo, nilijua maana ya kuigiza. Shida ni kwamba wiki hizo hizo lilinunuliwa sanduku. Sanduku jipya la bati, la rangi ya buluu, hili hili nililolifungua juzi. Halikuwa la Paskalia wala la Gaudensia. Kila siku kitu kiliingia ndani yake: taulo, sabuni za kufulia, mswaki, kandambili, shuka. Nilisikia wazazi wakizungumza kwa sauti ya chini, na neno moja lilirudi: Kaengesa. "Atakwenda Kaengesa." "Masista watamnyoosha." Nilimwuliza mama nani atakwenda Kaengesa. Mama, ambaye alikuwa anapukuchua mahindi ya watu watano peke yake, alisema, "Kamwulize mfalme wako."

Nikamwendea mfalme. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha baiskeli, anajaribu ndevu. "Baba," nikamwambia, "kosa langu ni nini?"

Uso wake ukang'aa. "Hivyo hivyo! Sema tena, taratibu." Kesho yake alimsimulia Mwalimu Apolinari kwamba mtoto huyu ana kipaji cha ajabu, anafanya mazoezi hata bila kuambiwa.

Sijui kama watoto wa kizazi cha sasa wanaelezwa mambo. Sisi hatukuelezwa. Ulihamishwa kama kiti. Ukweli, ambao niliujua baadaye sana, ni kwamba kulikuwa na shule ya bweni ya masista upande wa Kaengesa, kwamba mwalimu wangu wa darasa alikuwa amesema kichwa hiki kinahitaji mahali kinapojibiwa, na baba alikuwa ameuza dume lake la kukokota jembe ili nisome. Ilikuwa heshima. Lakini hakuna aliyeniambia, na mtoto asipopewa habari hujitengenezea yake. Yangu ilikuwa na ushahidi wote: nimeulizwa kama nampenda baba, nimetoa jibu la chini, nimefukuzwa, na sanduku linajaa.

Basi nikaamua kupandisha bei. Nilianza asubuhi. "Baba, shikamoo. Nakupenda kuliko ugali."

"Marahaba. Basi uache leo, tule sisi."

Mchana nikampelekea maji. "Nakupenda kuliko nyama ya Krismasi."

"Huyu mtoto ana homa?" akamwuliza mama.

Jioni nikavuka mpaka. Nikamwambia nampenda kuliko mama. Mama alikuwepo. Sitasimulia sehemu hiyo. Ila sanduku liliendelea kujaa, na usiku nilipolala katikati ya dada zangu niliwachukia kwa utulivu, wao na bati lao jipya na dari.

Lilibaki tumaini moja. Baba nyumbani alifanya mazoezi ya maneno yake makubwa tu, ya kufukuza na ya kupiga kelele kwenye dhoruba. Mwisho wa mchezo walifanyia ukumbini, sikuujua. Nilimwuliza Paskalia: yule mdogo aliyefukuzwa, baba yake anamfuata? Paskalia hakujua. Gaudensia akasema lazima amfuate, maigizo yote huisha vizuri, hata yule mama wa mchezo wa vyandarua alipona. Kwa hiyo nilikwenda ukumbini Jumapili ile baada ya misa ya pili nikiwa na jambo langu. Wageni wa Dar walikuwa mstari wa mbele na chupa zao za maji, Mwalimu Apolinari alikuwa anatokwa jasho penye baridi, na mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: je, anamfuata?

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu wa Sumbawanga wakitazama igizo hawanyamazi, wanashiriki, na Mwalimu Apolinari alikuwa amesahau hilo huko chuoni. Mfalme alipotoa futi na kuanza kugawa nchi, mzee mmoja wa nyuma alisema kwa sauti, "Usigawe! Gawa ukiwa kitandani!" Binti wakubwa waliposema maneno yao matamu, wanawake waliguna. Mfalme alipofukuzwa na mabinti hao hao, akasimama nje kwenye dhoruba, watu wawili nyuma ya pazia wakitikisa bati, naye akiita radi impige, sauti ya Mama Shija ilitoka katikati ya ukumbi: "Mfipa anaomba radi? Si uchukue ya kwako nyumbani!" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Nilimwona Mwalimu Apolinari kwenye ukingo wa jukwaa akikaza skafu kama mtu anayetaka kujinyonga nayo.

Lakini baba hakutetereka. Na kisha, karibu na mwisho, yule mdogo alirudi. Aliigizwa na Melania, fundi cherehani wa sokoni, binti mrefu mwenye aibu. Alimkuta baba yake amechakaa, akampigia magoti, na baba yake naye akampigia magoti yeye. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu sanduku linunuliwe. Nikamkanyaga Gaudensia kwa furaha. Anamtaka tena! Wanapatana!

Kwa nini mtu aandike hivyo halafu asiishie hapo? Nimeshauliza swali hilo wahadhiri watatu na nimepata majibu matatu marefu. Mchezo uliendelea. Wakakamatwa, wakatolewa jukwaani, kukawa na kelele za mapanga, na baada ya muda baba aliingia, suti imepasuka, ndevu zimelegea upande mmoja, amembeba Melania mikononi, mikono ya Melania inaning'inia. Amekufa. Alimfuata, naam, lakini amechelewa.

Nilipiga ukelele. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kimya kile kile alichokuwa anakitaka Mwalimu Apolinari, na ndani yake nililia peke yangu kama mbuzi. Baba alimlaza Melania kwenye mbao. Alifungua kinywa kuanza maneno yake ya mwisho.

Mama Shija akasimama.

Sisemi kwamba alijua sanaa kuliko Mwalimu Apolinari. Kuna watu hapa mjini wanaosimulia hivyo mpaka leo na wananiudhi. Hakujua. Alikosea mahali. Alimwona mtani wake amefiwa na mtoto, mimi mtoto wa mtani wake nalia, na watu wamekaa wakitazama tu bila hata mmoja kufanya kinachotakiwa kufanywa, na mwili wake ukanyanyuka kabla ya akili. Alipanda jukwaani, akajifunga khanga kiunoni, akamtazama marehemu.

"Huyu binti wa Kifipa mvivu kweli! Hata kufa kabebwa!"

"Watani waingie!" mtu akaitikia kutoka dirishani.

Mama Shija akajilaza kando ya Melania, akavuta koti la mfalme ajifunike. Niliona tumbo la marehemu likitetemeka kwa kicheko. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Mwalimu Apolinari alikuwa anapiga kelele, "Pazia! Shusheni pazia!" na pazia, ambalo lilikuwa mapazia ya ofisi fulani yaliyoshonwa pamoja, lilishuka nusu likakwama. Wageni wa Dar waliulizana kitu masikioni.

"Huyu hazikwi!" Mama Shija alitangaza, mkono juu ya kifua cha Melania. "Wewe mfalme ulimfukuza. Leo ndiyo unamtaka? Unatoa nini nimwachie?"

Kila mtu pale alijua kinachofuata. Unasema kuku, mtani anasema kuku wako ana kideri. Unaongeza kilo ya sukari, anakuuliza kama unamzika binti au paka. Mnavutana, watu wanacheka, mnafika mahali mnapatana. Hakuna aliyezoea kuvutana kuliko baba. Ilikuwa kazi yake. Sikuwahi kumwona, si mnadani, si msibani, si dukani, akianza na bei ya juu.

Baba alimtazama Mama Shija. Akamtazama Melania. Kisha akatafuta kitu kwenye ukumbi, nami nilikuwa bado nalia, na sina hakika, nilikuwa mdogo na machozi yanadanganya, lakini niliona kama aliniona.

"Chukua yote," alisema.

Hakuwa na ile sauti ya mnada. Ilikuwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Chukua nchi yote. Chukua mto na mashamba na ng'ombe. Sitaki kubaki na kitu. Nipe mwanangu."

Mtani ana jibu kwa kila kiwango isipokuwa hicho. Tumbo la Melania lilikuwa limetulia. Kicheko kilikufa mstari kwa mstari kutoka mbele kwenda nyuma, na Mama Shija akainuka taratibu, akafungua khanga yake kiunoni, akamfunika Melania toka miguuni hadi usoni kama anavyofunikwa mtu. Alipomaliza alikaa chini palepale akalia. Na ukumbi mzima ukalia naye, mzee wa nyuma, wanawake waliokuwa wanaguna, watu wa madirishani wakajipangusa kwa mikono ya masweta.

"Haimo!" Mwalimu Apolinari alikuwa anasema kutoka pembeni, karatasi zake kifuani. "Hiyo haimo! Haimo kabisa!"

Alikuwa amepata alichokitaka na hakukitambua, na mpaka leo jambo hilo linanikera kuliko yote. Wageni walipiga makofi wakiwa wamesimama, wakapeana mikono na kila mtu, wakasema wameguswa. Kisha wakachagua kikundi cha ngoma. Mwalimu Apolinari hakuongea na baba mpaka mavuno.

Nami nilipelekwa Kaengesa. Tulipanda lori la mahindi, baba na mimi na sanduku, upepo wa uwandani ukitupiga usoni na nyasi zimelala upande mmoja mpaka macho yanapoishia. Sikulia. Nilikuwa nimeona mwisho wa mchezo, nilijua kinachokuja, na nilikuwa na swali moja la kuuliza kabla hakijaja. Tulipofika kwenye geti la masista, akashusha sanduku, nikamwuliza.

"Baba. Utanifuata nikiwa bado hai?"

Aliweka kicheko usoni kwanza, kama kawaida. Kisha nikaona kinaondoka. Alirudi nyuma kwenye mambo yote, nadhani, mazoezi na ugali na nyama ya Krismasi, moja baada ya jingine, na kila moja lilimkuta. Alikaa juu ya sanduku langu. Sista mmoja alikuja kutupokea akaondoka tena.

"Wewe mtoto," alisema mwishowe, na nilisikia kwamba amechoka na mimi kweli kweli, "wewe mtoto hii ni shule. Shule! Watu wanasoma. Likizo unarudi kula mahindi."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Niliuliza! Niliuliza kila siku! Tulibishana pale getini mpaka sista akarudi. Hakuniomba radhi, hatukuwa na desturi hiyo. Lakini kila Jumapili ya kutembelewa alifika kabla geti halijafunguliwa, akasimama nje na kuniita jina langu kwa sauti ya mnada, tena na tena, mpaka wasichana wa bweni zima wakaniita Ng'ombe. Nilimwomba aache. Hakuacha. Nilikasirika muda wote niliokaa pale, na sikuwahi tena kuwa na shaka yoyote.

Kwa hiyo mtaielewa hasira yangu juzi nilipotoka uani na ndevu mkononi, nikamkuta ameshatupangia viti. Paskalia, ambaye sasa ananunua dagaa kule Kirando ziwani na kuwauza mpaka Mbeya, alikuwa anatazama simu. Gaudensia, muuguzi, alikuwa anatazama miguu ya baba iliyovimba. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, kama kawaida peke yake. Nilikaa, nikaweka ndevu mapajani.

"Umezitoa wapi hizo?" baba aliuliza.

"Kwenye sanduku langu. Baba, usiulize swali."

"Swali gani?"

"Unalijua."

"Huyu," akamwambia mama, "masista walishindwa kumnyoosha." Akasimama kwa kuegemea fimbo. Amezeeka, mfupi zaidi, lakini kifua kilijaa hewa na nikajua kinachokuja, nikataka kuziba masikio. "Haya! Shamba la bondeni. Udongo mweusi, maji mwaka mzima, hata kiangazi unalima. Nani analitaka? Aseme kwa nini."

Aseme kwa nini! Nilitaka kupiga kelele. Nilimgeukia Paskalia kwa sababu Paskalia ndiye wa kwanza siku zote, na kweli alikuwa ameshafungua kinywa. Macho yake yakashuka mapajani kwangu, kwenye zile ndevu. Akakifunga. Gaudensia akamtazama mama, mama akalitazama gunzi la mahindi. Mimi, ambaye katika maisha yangu sijawahi kukosa la kusema, nilitazama kuku.

Baba alisubiri. Upepo ulipita kwenye mahindi nyuma ya nyumba. Alitutazama mmoja mmoja, kama anavyowatazama wanunuzi anaowafahamu, anaojua wana uwezo.

"Hakuna?"

Akapiga fimbo chini.

"Linarudi na mwenyewe," alisema. Akainama, akachukua ndevu mapajani kwangu, akazinusa, akapiga chafya. "Watoto mnanichosha. Nauli zote hizo." Kisha akaweka fimbo begani, akageuka, akashika njia ya bondeni na miguu yake iliyovimba, ndevu zikining'inia mkononi nyuma yake kama mkia, zikicheza.